Siku Pua Alipoipoteza Kambi

Wageni aliowaongoza baharini kwa kayaki, mitumbwi ile myembamba ya mtu mmoja, walimwita Pua, na mwenyewe hakuchukia. Pumzi ya nyangumi inanuka kama samaki aliyelala siku tatu juani, na yule bwana alikuwa akiinusa kabla mtu mwingine hajaona kitu. Alikuwa akiinua kasia na kusema, "Haya, shikaneni." Kayaki zote zinasogeleana, kila mmoja anashika ya jirani yake, kimya kama maji ya mtungi. Hazipiti dakika mbili, mgongo mweusi unainuka.

Alifanya kazi hiyo misimu ishirini na miwili. Kabla ya hapo alikuwa akipanga makopo kwenye kiwanda cha samaki, na alipenda kuwaambia wageni kwamba amehama kutoka kwa samaki wafu kuja kwa samaki hai. Mkewe, ambaye ndiye alikuwa mpishi wa kambi, hakuacha kumsahihisha: "Nyangumi si samaki, bwana."

"Haya basi, ni mnyama, wa ukoo wenu," Pua alikuwa akijibu, na watu wanacheka wakiwa na sahani zao mapajani.

Safari moja ilichukua siku nne. Mke alitangulia na boti ya mizigo, akafunga turubai la jikoni kwenye ufuko wa kokoto, akawasha majiko mawili ya gesi. Mume aliwaleta wageni kwa kasia. Hivyo ndivyo walivyolea watoto watatu.

Mkewe ndiye aliyeanza kuona mambo. Mtungi wa gesi aliukuta kwenye mfuko wa nguo. Mgeni mmoja aliulizwa na Pua anatoka wapi mara tatu wakati wa chai ile ile moja. Kisha siku moja nyangumi aliibuka karibu na ufuko, upepo ukaleta ule uvundo wote kambini, wageni wakaziba pua, na Pua akaendelea kumenya viazi.

"Husikii harufu?" mkewe aliuliza.

"Mafua tu."

Hakuwa na mafua. Mkewe alijua. Kila mara alijiambia kwamba uzee hauji peke yake.

Siku yenyewe ilikuwa ya tatu ya safari. Ilikuwa wafike saa kumi alasiri. Ilipotimu saa kumi na moja wali ulikuwa umeshapoa, na ukungu ulianza kushuka juu ya maji. Mke akashika redio.

"Mko wapi?"

"Tumeshafika kambini," Pua akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa. "Wewe mbona hupo?"

Mkewe aliisogeza redio sikioni. Akaisikia redio tena: "Na mahema mmeyapeleka wapi?"

Hapo akaelewa. Nyuma ya rasi kulikuwa na kighuba walikopiga kambi zamani, mpaka jabali likaporomoka, wakahama. Miaka kumi na moja ilikuwa imepita. Alizima majiko, akavaa jaketi la kuokolea, akaiburuta kayaki ya akiba hadi majini.

Aliwakuta chini ya jabali lile lile, mawe yakidondoka moja moja. Wageni saba walikuwa wanatetemeka. Mmoja wao, mwalimu wa hesabu, alimnong'oneza, "Dada, tumemwambia hapa sipo, akatufokea." Pua alikuwa ameketi kwenye kayaki yake akiukodolea macho ufuko ambao haukuwa na kitu.

Mkewe angeweza kumwambia ukweli mbele ya watu. Alisema, "Tulihama, baba watoto. Njoo nikuoneshe." Akatoa kamba, akafunga ncha moja kwenye kayaki yake, nyingine akampa mumewe. "Nifungie na wewe upande huo. Ukungu huu, nitapotea."

Pua akakaza fundo vizuri sana. Mikono yake haikuwa imesahau. Mke akatangulia, mume akifuata kwenye kamba, na wageni nyuma yao. Walipiga kasia hivyo mpaka kokoto ziliposikika chini ya kayaki.

Waliporudi mjini, mke alikwenda ofisini mwenyewe kumweleza meneja. Hakutaka jambo hilo lisemwe na mgeni. Meneja aliinamisha kichwa mezani, kisha akachukua funguo za ghala kutoka kwenye ndoano ya Pua. Daktari naye akalitaja jina la ugonjwa huo wa kusahau, akasema hauna dawa ya kuurudisha nyuma.

"Umeniuza," Pua alimwambia mkewe wakiwa bado kwenye ngazi za hospitali. Siku kumi na moja hakumsemesha. Kati ya yote aliyosahau baadaye, hilo la kuuzwa lilikawia mno kumtoka.

Msimu uliofuata mke ndiye aliyewaongoza wageni, maana hakukuwa na mwingine aliyezijua zile ghuba. Pua alibaki kwa binti yao mkubwa. Kila asubuhi alisimama mlangoni amevaa viatu vya mpira, akiuliza kama wageni wamefika. Binti alijifunza kumjibu, "Bahari imechafuka leo, baba," naye akarudi ndani bila ubishi.

Mama alirudi mwisho wa msimu, uso umebabuka kwa jua na chumvi. Pua alimkaribisha kwa adabu, akampisha kiti.

"Wewe dada, umewahi kupanda kayaki?"

Mkewe alitazama sakafu kwanza. "Bado," akasema.

Basi Pua akaleta ufagio, akakaa chini zuliani, akamketisha mbele yake. Akamwekea vidole mahali pake kimoja kimoja. "Usikaze mabega. Maji hayana haraka na wewe." Walipiga kasia hapo sebuleni mpaka chai ikapoa, binti akiwatazama kutoka jikoni, ameshindwa kuingia.

Pua alifariki wiki tano baadaye, adhuhuri, usingizini. Mkewe bado anaongoza safari. Wageni wakimuuliza alijifunzia wapi kazi hii, anasema, "Kwa mume wangu," kisha anawaomba washikane.