Mstari wa Fundi Viatu

Nilikuwa karani wa baraza la lokesheni, mtaa wa Waafrika hapa Nakuru, miaka ile ya Hali ya Hatari ya mkoloni. Nimesahau mengi ya kazi hiyo, lakini vidole vya mwanamke mmoja juu ya ukingo wa dirisha sijavisahau, na sidhani kama ninastahili kuvisahau.

Baraza lilikaa mara moja kwa mwezi, saa nane mchana, katika ukumbi wa mabati karibu na reli. Wajumbe walikuwa wazee saba, na mwenyekiti alikuwa afisa mzungu. Wananchi hawakuruhusiwa kuingia. Lakini mabati yale yalichemka, madirisha yakaachwa wazi, na watu wakajaa nje, viwiko dirishani, wakisikiliza kila neno. Kila mkutano ulianza na mimi kusoma miniti, yaani kumbukumbu za mkutano uliopita, kwa Kiswahili, kwa sauti. Nikimaliza wajumbe husema, "Ndivyo," na afisa hutia sahihi. Jambo ambalo halikusomwa lilihesabiwa kuwa halikusemwa. Nilikuwa na sauti nzuri na nilijua ninayo, kwa hiyo niliringa sana.

Asubuhi moja askari waliizingira lokesheni. Wanaume tulichuchumazwa kiwanjani, mikono kichwani, na mtu aliyevikwa gunia lenye matundu mawili akapitishwa mbele yetu. Alipofika kwa jirani yangu, seremala, aliinamisha kichwa kuonyesha kwamba ndiye. Basi. Askari akamshindilia seremala kitako cha bunduki mdomoni, na meno yake yakaanguka kwenye lile vumbi jeupe linalopeperushwa kutoka ziwani. Akapigwa tena alipojaribu kuyaokota. Wakamchukua, wakisema Jumatatu iliyopita aliwakata ng'ombe wa mzungu mmoja miguu, huko upande wa Gilgil.

Wiki hiyohiyo baraza likakaa. Mjumbe mmoja, mzee fundi viatu, akasimama bila kuombwa. "Hiyo Jumatatu alikuwa kwangu," alisema. "Kutoka asubuhi mpaka jioni, ananitengenezea meza. Mimi mwenyewe nilimpa chai." Nikaandika maneno hayo kwa penseli kwenye daftari langu, kama yalivyotoka. Nje ya dirisha mke wa seremala aliyasikia, na majirani wakayasikia. Wote walijua maana yake: yakisomwa na kutiwa sahihi, mumewe ana shahidi. Yasiposomwa, anapelekwa kizuizini bila kesi, na huko wengine hawakurudi.

Kabla ya mkutano uliofuata, kibanda cha fundi viatu kilichomwa na askari mchana kweupe, na yeye mwenyewe akachapwa viboko mbele ya wajukuu zake. Siku ya mkutano afisa aliniita mapema. Alipigia mstari yale maneno kwenye daftari langu, akaniambia nisiyanakili katika kitabu cha baraza, na daftari nikalichome. Hakupandisha sauti. Bastola yake ilikuwa mezani, juu ya kitabu, imezuia kurasa zisipeperuke. Nikasema, "Ndiyo, bwana."

Nilisoma vizuri siku hiyo, kwa sauti ileile ya kuringa: habari ya mifereji, habari ya choo cha soko, habari ya leseni za baiskeli. Nilipofika pale nikaruka.

"Karani, umeruka," mke wa seremala alisema kutoka dirishani. "Soma ile maneno ya fundi."

Nikaendelea.

"Sisi wote tulisikia," alisema. "Soma."

Afisa akawauliza wajumbe kama nimesoma sawa. Fundi viatu alikuwa anatazama magoti yake. Wazee wakajibu, mmoja baada ya mwingine, "Ndivyo." Naye, wa mwisho, akasema, "Ndivyo." Nje watu wakaanza kupiga mabati kwa viganja. Askari wawili wakatoka na marungu, watu wakakimbia, lakini yule mama aling'ang'ania ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, ananitazama. Rungu likashuka juu ya vidole. Likashuka tena. Nilisikia mifupa ikivunjika, niko hatua tatu tu, kalamu mkononi. Damu iliruka mpaka kwenye ukurasa wa kitabu, nami, mjinga mimi, niliinuka kwa ajili ya ukurasa. Niliufuta kwa mkono wa shati.

Mwezi uliofuata madirisha yalipigiliwa mbao. Misumari niliishika mimi.

Daftari la penseli sikulichoma. Msinisifu, haukuwa ushujaa. Nusu ya kurasa zake zilikuwa tupu, na mimi ni bahili wa karatasi. Nililificha chini ya debe la unga.

Seremala alirudi kutoka kizuizini miaka ya hamsini ikiisha. Jioni moja, kabla jua halijazama, alikuja nyumbani kwangu na mkewe. Alikuwa amekonda, hana meno ya mbele, ananitazama usoni bila kupepesa. Nilidhani amekuja kuniua, na nilimwona ana haki. Mkewe ndiye aliyezungumza. Vidole vyake vilikuwa vimepona vikiwa vimepinda, na alishika kikombe kwa viganja.

"Karani," alisema, "ile maneno unayo?"

Nikalitoa daftari. Nikafunga mlango, kisha dirisha, maana woga huo ulikuwa umenizoea. Nikasoma polepole, neno kwa neno, mpaka kwenye chai. Sikuruka kitu. Seremala alikuwa ananitazama midomo. Nilipomaliza nikaona aibu, nikamuuliza kama ameridhika.

"Hasikii," mkewe alisema. "Huko walimpiga masikio mpaka yakafa."

Nikaliweka daftari mezani. Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nikasema samahani, nikarudia.

Yule mama akainuka. Akausukuma mlango kwa bega mpaka ukawa wazi, kisha akaliendea dirisha, akahangaika na komeo kwa vile vidole vyake. Niliposimama kumsaidia alinikataza kwa kichwa. Likafunguka. Nje majirani walikuwa wanaota moto, watoto wanacheza, watu wanarudi kutoka kazini.

"Soma tena," alisema. "Hao wanasikia."