Karatasi ya Ukwaju

Damari alizaliwa hana breki. Mimba haijatimiza miezi minane, yeye huyo nje. Uji haujapoa, ulimi umeshaungua. Sasa ni mtu mzima, msimamizi wa maabara ya sekondari huko Misigiri, na bado kwake kukaa chini ni adhabu.

Jumamosi hiyo alikuwa na sababu. Mama yake, Scola, huuza juisi ya ukwaju kupitia kikundi cha akina mama, na mwenyekiti wao, Mama Editha, alikuwa amesema mbele ya watu kwamba Scola anawaibia wateja kwa kuongezea ule unga mkali wa ndimu wa dukani. Damari akawaka. "Mama yangu? Nitapima, na majibu nitawaletea hapahapa!" Scola alikubali haraka, tena kwa tabasamu.

Basi maabarani, mama yake akiwa pembeni na kidumu cha juisi, Damari akapiga mstari wa penseli chini ya karatasi, akadondoshea matone matatu: maji ya ukwaju mtupu, maji ya unga wa ndimu, na juisi ya mama. Akaisimamisha kwenye chupa yenye dawa kidogo. Dawa hupanda karatasi taratibu, na kila asidi hupanda nayo mpaka kimo chake. Karatasi ikishakauka unapuliza rangi ya bluu. Penye asidi panageuka njano. Kazi ya saa nyingi, jamani, halafu kapewa nani? Damari!

Alizunguka meza. Alifagia palipokwisha kufagiliwa. Mwishowe akaichomoa karatasi, akaipepea mara mbili tatu, akapuliza. Lo! Karatasi nzima njano. Dawa yenyewe ina asidi, nayo ilikuwa haijakauka.

"Si imeharibika?" Scola alisema, akiokota kidumu chake. "Yaishe, mwanangu. Twende nyumbani."

"Haiishi, mama. Hawawezi kukuita mwizi nikakaa kimya."

Akaanza upya. Safari hii aliikalia mikono yake, miguu ikicheza chini ya meza, roho juu. Scola naye hakutulia. Kila mara alitoka nje, akarudi.

Karatasi ilikauka alasiri. Damari akapuliza. Ukwaju mtupu, doa moja. Unga wa ndimu, doa moja, juu zaidi. Juisi ya mama, madoa mawili: moja sawa na la ukwaju, la pili sawa na la unga.

Damari akaiweka karatasi mezani. "Mama, kumbe ulijua. Mbona uliniacha nipime?"

Scola hakumtazama. "Nilijua hutaweza kusubiri."