Shavu Jekundu la Sato wa Felti

Siku yangu ya kwanza kazini, kazi yangu yote ilifumuliwa. Nilikuwa nimetoka Sengerema, nimevuka Busisi kwa kivuko (siku hizi daraja lipo, mnavuka huku mnatafuna karanga), na nilijiona fundi kamili kwa sababu nilikuwa nimeshona sare za shule kwa cherehani tangu usichana wangu. Karakana ya akina mama ilikuwa Pasiansi, chumba kirefu chenye madirisha upande wa ziwa. Aliyekuwa akiisimamia ni mtawa mmoja mtu wa Bukoba, tukimwita Sista Msimamizi. Alinipa vipande viwili vya felti, sindano na uzi, akaniambia niviunganishe. Nikaanza kupinda ukingo kama nilivyozoea.

"Unapinda nini?" akaniuliza. "Hiki hakifumuki."

Akachukua mkasi wake mdogo, akakata mishono yangu yote bila hasira, akanirudishia. Wenzangu waliinamia kazi zao wakijifanya hawakuona. Nilitamani ardhi ipasuke.

Niwaeleze wanangu, maana wengi wenu mnajifunza kwa kuangalia simu mnaruka mambo ya msingi. Felti ya sufu haifumwi. Ni manyoya ya kondoo yaliyoloweshwa, yakasuguliwa na kugandamizwa mpaka yakashikana, ndiyo maana ukiikata haiachii nyuzi. Ukingo wake unashonwa kwa mshono wa blanketi, ule unaopanda ukingoni kwa hatua fupi zinazolingana. Uzi wa kudarizi huja nyuzi sita zikiwa pamoja. Unatenga mbili tu, zinatosha. Kudarizi kote kunafanyika kabla ya kujaza, kwani ukishajaza sindano haina pa kutokea. Sisi tulijaza pamba yetu ya Usukuma iliyochambuliwa mbegu, tukiisukuma kwa kijiti kuanzia mkiani. Na maji ya moto achaneni nayo kabisa. Felti ikiyapata inasinyaa, tembo wako anageuka panya.

Tulishona ndege, tembo, viatu vya watoto wachanga na mito midogo ya kuchomekea sindano. Nilipokwisha kukaa vizuri kwenye kazi, Sista Msimamizi akaniambia nibuni samaki. Nikabuni, mviringo wenye mkia na jicho. Akamgeuza huku na huku.

"Huyu ni samaki gani?"

"Samaki tu, Sista."

"Mama Kulwa, unakaa Mwanza na unaniletea samaki tu?"

Asubuhi yake alinituma mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, si kununua bali kutazama. Nilikwenda na vibunda vya uzi ili nilinganishe rangi, nikasimama mbele ya meza ya mama mmoja muuza sato nikimwekea samaki wake nyuzi mgongoni. Mama yule alicheka mpaka akakaa chini. Aliniuliza kama samaki nimemletea nguo ya sikukuu. Lakini aliniacha nisimame, na nikaona jambo ambalo nilikuwa nikilifanya mwenyewe miaka yote bila kuliwazia. Kila mteja aliyefika, kabla ya kuuliza bei, alifunua shavu la samaki kwa kidole gumba. Likiwa jekundu, mwenye meza anasema kwa kujivuna, "Wa leo huyu." Likiwa la kahawia, mteja anasogea meza ya pili na hakuna maneno.

Nikarudi nikamshona sato upya. Mwili wa kijivu, mgongo umekolea, mapezi nimeyadarizi mstari mmoja mmoja. Shavu nikalikata kama nusu mwezi, nikalishona upande mmoja tu ili lifunuke, na chini yake nikaweka kipande chekundu chenye mistari myembamba ya mshono wa shina, ule unaojirudia kidogo nyuma kila unapokwenda mbele. Nikampelekea Sista. Alimweka kiganjani, na kidole gumba chake kikaenda chenyewe shavuni. Akafunua. Halafu mtawa yule, mtu mzito asiyependa mizaha, akamnusa.

"Huyu nitamnunua," akasema.

Chumba kizima tuliangua kicheko, na yeye akacheka. Kuanzia siku hiyo hakuna sato aliyetoka karakana ile bila shavu jekundu. Nikapewa meza ya kudarizi niisimamie, na nikawafundisha wasichana wengi. Mmoja wao alikuwa Neema, ambaye anatumia mkono wa kushoto. Nilihangaika kumgeuza, nikashindwa, nikamwacha. Mishono yake inalalia upande wa pili ukilinganisha na ya watu wote, lakini ni safi kuliko ya wengi.

Sista Msimamizi alipohamishwa, akaja Meneja. Kijana msomi, mpole, anaamkia shikamoo kabla hujamwona. Sina ubaya naye. Alituletea oda kubwa ya maduka ya hoteli wakati ambapo karakana ilikuwa inakaribia kufungwa, na akaona kwamba sato mmoja anatuchelewesha kuliko tembo wawili. Akatafuta sababu, akaikuta shavuni. Akaniita mbele ya wenzangu.

"Mama Kulwa, mteja hamli samaki huyu. Nani atamfunua?"

"Mimi," nikamjibu.

Hakubishana nami. Akawauliza akina mama wenyewe: mashavu yabaki, au oda iwahi? Aliyeanza kusema ni Neema, Neema wangu mwenyewe. Alisema tuyaache, tutachelewa. Wengine wote wakamfuata. Iliniuma, sifichi. Nilijua ana watoto wanasoma na kazi ikifungwa hana pa kwenda, hayo nilikuwa nayajua, lakini iliniuma vilevile.

Tukamaliza oda kwa wakati na karakana ikabaki wazi, kwa hiyo Meneja hakukosea. Ila mimi nilimaliza miaka yangu ya mwisho nikikagua samaki ambao shavu lao ni mstari mmoja wa uzi uliochorwa juu. Kila nilipowashika niliona nawadanganya watu. Mtu wa Mwanza kuuza samaki asiyefunuka! Siku ya kuagwa nilipewa kitenge na mkasi mpya, wakasema maneno mazuri. Neema alinikumbatia akilia, mimi nikampiga-piga mgongoni tu. Kopo langu la vipande vyekundu vilivyokwisha kukatwa nililiacha kabatini. Sikutaka kwenda nalo nyumbani likanikumbushe.

Sasa nimestaafu na macho yamechoka, uzi unapita pembeni ya tundu la sindano kama unanikwepa. Mwaka huu nilikwenda Nyamagana kuonwa na daktari wa macho. Kwenye benchi la kungojea nilikaa karibu na mama mmoja na binti yake mdogo, na yule mtoto alikuwa amepakata sato wa felti. Nikamuuliza mama amemtoa wapi. Akasema Pasiansi, kwa akina mama, wiki iliyopita tu. Nikauliza nani anasimamia siku hizi, akanijibu Meneja alishahama, yupo dada mmoja anaitwa Neema.

Nikamwomba mtoto anishikishe samaki wake. Nilimweka mapajani nikakaa naye kidogo, nikiogopa kugusa. Kisha nikapeleka kidole gumba shavuni, nikisubiri kukutana na ule mstari wa uzi.

Shavu likafunuka. Ndani palikuwa na wekundu, hata mimi niliuona. Mistari yake sikuiona, nikaipapasa kwa ncha ya kidole, mmoja baada ya mwingine. Ilikuwa imelalia upande wa pili.

Mama wa mtoto akaniuliza kama macho yananiuma, maana yalikuwa yanatoka machozi. Nikamwambia yananisumbua, ndiyo maana niko pale. Mtoto alikuwa amechoka kungojea mali yake. Akamchukua, akamfunua shavu mwenyewe, akaingiza pua yake, akaniangalia kwa uso wa mtu mwenye meza mwaloni.

"Bibi," akasema, "wa leo huyu."