Tao la Matawi ya Michikichi

Leo baba amekata intaneti ya kijiji chetu kizima, Minago, kwa jembe.

Sitanii.

Wageni wa mradi wa ruzuku ya intaneti vijijini walikuja shuleni kuona kama mtambo wao unafanya kazi. Mimi nilichaguliwa kuujaribu, nimpigie mama kwa video. Mama yuko kambi ya wakimbizi Tanzania. Aliazima simu ya jirani aningoje.

Kwetu mgeni hapokewi hivihivi. Asubuhi baba alichimba mashimo kwenye lango la shule, akasimamisha tao la matawi ya michikichi. Lilipendeza kweli.

Nikabonyeza. Kimya.

Nikabonyeza tena, wote wakinitazama. (Mnajua ninavyochukia kutazamwa.)

Fundi akafuata waya mpaka kwenye tao. "Papa, jembe lako limepita hapa."

"Hakuna mutu aliniambia chini iko waya!"

Mkuu wa wageni akasema kwa upole kwamba msaada utapelekwa kilima kingine (kwetu kilima ni kama kijiji). Akatushukuru: "Murakoze kwa mapokezi." Wakapita chini ya tao, wakaondoka.

Nimekuja Rumonge mjini kutafuta mtandao. Nimepiga, akapokea yule jirani wa mama: mama alisuka nywele kwa ajili yangu, akangoja, akarudisha simu.

Nikifika nyumbani, baba ataniuliza mama amesema nini.

Nyinyi mngemjibuje?