Thelathini ya Mtoto wa Jirani

Juzi nilikwenda Kariakoo kununua chaja, nikajikuta naruka njiani kama mtoto. Wamachinga wa siku hizi huchora miraba ya chaki kando ya barabara, kila mmoja na wake, na ndani huandika namba ili asubuhi pasiwe na ugomvi wa nafasi. Mimi, mtu mzima mwenye shahada na magoti mabovu, nilishindwa kukanyaga hata mraba mmoja. Kijana akaniuliza, "Mama, umedondosha kitu?" Nikamwambia hapana. Ningeanzia wapi?

Ningeanzia kwenye foleni. Miaka ile ya Ujamaa, sukari na sabuni vilipatikana siku vilipopatikana, na watoto tulitangulizwa dukani kushika nafasi. Ukichoka unaweka jiwe mahali pako, na jiwe liliheshimiwa kama mtu. Hapo, kati ya mawe na kina mama wenye vikapu, ndipo nilipojipatia jina. Mwalimu wetu wa hesabu alitufundisha mchezo: mtu anakutajia namba, unachora chini jedwali la vyumba kumi na sita, unalijaza huku umekunja uso, kisha unamwambia ajumlishe. Ajumlishe kwenda chini, kwenda pembeni, kona kwa kona, kila njia anaikuta namba yake. Siri ni ndogo. Vyumba kumi na viwili havibadiliki, unavikariri kama shairi. Vinne tu ndivyo unavyovipata kwa kutoa ishirini, au namba ya jirani yake, kutoka namba ya mteja. Mwalimu alituonya tusipokee namba ndogo. "Mfanya mazingaombwe mwenye akili," alisema, "huchagua wateja." Kwa hiyo nilikuwa natangaza, kwa sauti nzito isiyo yangu, "Taja namba, kuanzia thelathini."

Bibi hakuupenda mchezo ule. Juu ya mlango wetu palibandikwa karatasi yenye jedwali kama hilo, limeandikwa kwa zafarani, la kuzuia husuda. "Namba zina wenyewe," alikuwa akisema. Nilimwona mshamba. Nilikuwa darasa la tano, nani angeniambia kitu?

Kisha vikaja vita vya Kagera, na mtoto wa jirani yetu akaenda. Jirani alikuwa mjane, akiuza karanga za kukaanga barazani, kwenye vikaratasi vya magazeti. Mwanawe huyo ndiye aliyekuwa wa pekee. Tangu aondoke, karanga zilianza kuungua. Harufu ile ya moshi mchungu ikizagaa uani, tulijua redio imesoma taarifa ya habari. Kila jioni wakubwa waliizunguka redio wakitega masikio, nasi watoto tukajifunza kukohoa kwa adabu.

Alasiri moja jirani akaniita. Barazani palikuwa na wanawake wanne watano, na Bibi anachambua mchele.

"Njoo mama, wewe mwenye jedwali. Nichoree la mwanangu."

"La nini, mama?"

"Nijue kama anarudi. Umri wake kumi na tisa."

Nilipaswa kusema kwamba ni mchezo tu. Lakini watu walikuwa wakinitazama, na sifa ni kitu kitamu. Nikachukua mkaa, nikachora kwenye saruji. Nane. Kumi na moja. Chumba cha tatu ni namba ya mteja toa ishirini. Kumi na tisa toa ishirini. Mkono ukasimama. Nikajaribu chumba kingine: toa ishirini na moja. Darasa la tano tulikuwa hatujafika huko chini ya sifuri, na sikujua kama kuna mtu anakaa huko.

"Mbona huandiki?" akauliza jirani.

Mwanamke mmoja akajifunika mdomo kwa kanga.

"Haiingii," nikasema. "Ndogo."

"Ndogo vipi? Ni umri wa mtu."

"Haitoshi, mama."

Halafu, kama ninavyomkumbuka akiwajibu wateja wabishi, akaweka mkono kiunoni. "Basi ongeza. Ishirini."

"Bado."

"Ishirini na tano, nimwozeshe."

Ingeingia, lakini ulimi wangu ulishazoea. "Kuanzia thelathini."

"Thelathini basi, unanikaba tu. Andika."

Nikaandika. Wakajumlisha, kila njia thelathini, wakashusha pumzi. Jirani akalifunika jedwali kwa beseni lisikanyagwe. Bibi akasema bila kuinua macho kwenye mchele, "Sasa akishafika hiyo thelathini?"

Masika ile sikulala vizuri. Mvua ikipiga bati, mimi nawaza beseni. Kabla ya shule nilikuwa nachungulia, nakoleza mistari kwa mkaa, kama mwizi.

Alirudi. Mwembamba, kimya, begi begani. Alipofunua beseni akajumlisha kwa kidole. "Mama, thelathini ya nani hii?"

"Yako."

"Mimi sijafika huko."

"Iliyozidi ni nyongeza," akasema mama yake, na akacheka hadi akakaa chini.

Ndivyo walivyouza siku zile. Unapimiwa kopo lako la karanga, kisha mkono unarudi kwenye ungo na kukutilia konzi nyingine. Asiyetoa nyongeza hakuwa muuzaji.

Mwaka aliotimiza thelathini nilikuwa chuo kikuu, nasoma hisabati, najua vizuri wanaokaa chini ya sifuri. Mwaka mzima niliogopa kila simu iliyopigwa bwenini. Alipotimiza thelathini na moja nilipanda basi kwenda kumpongeza. Hakuelewa. Alikuwa amekaa pale pale barazani kwa mama yake, akanipimia karanga, akaongeza konzi.

Baraza halipo, pamesimama ghorofa la maduka ya simu. Jirani na Bibi wametangulia. Yeye yupo Mbagala, mzee mwenye wajukuu, na kila mwaka namhesabia bila kumwambia.

Muuza chaja nilimwomba nyongeza. Akacheka. "Mama, nikuongezee nini, waya?" Nikalipa, nikatoka, nikaangalia ninapoweka mguu.