Kitambaa cha Bwana Kirimi

Harufu ya petroli ikikutana na ya chai ya tangawizi, kwangu ni Jumamosi, niko darasa la sita, nyumbani kwetu, katika mtaa wa mjini uitwao Dallas. Wanaume wanne wameinamia boneti ya gari la baba, jekundu, la milango miwili, alilolifufua pamoja na marehemu baba mdogo kwa vipuri vya kuokoteza. Walilijadili kama watu wanavyomjadili bibi harusi. Kwamba lilipanda mlima kwa gia ya nne bila kuhema. Kwamba likipata moto lilikataa kuwaka mpaka lipumzike. Kwamba gia ya pili ilitaka kubembelezwa: ukanyage klachi mara mbili, usubiri kidogo, ndipo ikubali.

Bwana Kirimi, aliyekuwa akitoka Meru, hakusifu chochote. "Baba Wawira, hii ni poshomili ya kusagia unga, yenye viti viwili," alisema, na wote wakacheka, baba pia, ila kicheko chake kilichelewa. Kila Jumamosi alikuja na kasoro mpya: moshi, kutu, breki. Mimi nilimshuku. Nikipeleka chai nilimwona, wenzake wakigeuka, akitoa kitambaa na kupangusa alama za vidole vyake kwenye boneti, polepole, kama anayempangusa mtoto uso. Nilishayaona hayo kijijini kwa nyanya yangu, siku ya soko Gachoka: anayesema mbuzi amekonda ndiye anayeondoka naye. Niliandika kwenye daftari langu, "Analitaka." Kumwambia baba nilishindwa. Nilikuwa naona haya hata kuomba chumvi mezani.

Baba akaanza kulifunika gari wageni wakija. Kabla mwaka haujaisha alibadilishana na Kirimi kwa pikapu, na akamshukuru.

Sasa niko kidato cha tatu. Juzi tulienda uwanja wa Kinoru, Meru, kwenye maonyesho ya magari ya zamani, na hapo palikuwa na gari letu, linang'aa, Kirimi kando yake. "Gia ya pili ina madaha," aliwaambia watu. "Unaibembeleza. Magari ya siku hizi hayana roho." Baba alisimama nyuma yao akasikiliza mpaka mwisho.

Tukirudi kwenye pikapu aliniuliza, "Wawira, alikuwa analitaka tangu mwanzo?"

Nikasema ndiyo.

"Na wewe ulijua?"

Nikasema ndiyo tena.

Pikapu iliwaka mara moja, kama kawaida yake. Hatujawahi kumwalika mtu chai aje kuitazama.