Udongo Mgongoni mwa Kabeya

Gari la maji la mgodi linapopita kumwagia barabara ili vumbi lilale, harufu ya udongo mwekundu uliolowa huingia mpaka jikoni kwangu, na mi huacha kukoroga sufuria. Wengine wanasema harufu ile ni tamu. Kwangu ni harufu ya kumshuku mtu. Sijui kama nitaieleza vizuri, maana shule niliishia njiani na mambo yenyewe niliyaona kwa macho ya mtoto. Nitajaribu tu nisimwonee mtu.

Tulikaa Kolwezi, katika mtaa ambao malori ya kwenda mgodi wa Mashamba yalikuwa yakitikisa sahani zetu kabatini. Ukuta mfupi wa matofali ulitutenganisha na familia ya Kabeya, watu wa asili ya Kasai, mkoa wa mbali. Kaka yangu Ilunga na huyo Kabeya walisoma darasa moja, wakala sahani moja, na wazimu wao ulikuwa mmoja: kuruka juu.

Uwanja ulikuwa nyuma ya nyumba yetu. Ncha moja ya kamba ilifungwa kwenye mpapai, na ncha nyingine niliishika mimi, kwa kuwa sikujua kuruka lakini mkono wangu ulikuwa umetulia. Waliangukia godoro kuukuu juu ya magunia ya majani makavu. Shida ya kamba ni kwamba ukiigusa inasogea, halafu inarudi mahali pake kana kwamba haijui kitu. Kila siku ilikuwa ugomvi, na hakuna aliyeamini jicho la mwenzake. Ndipo Ilunga akabuni dawa: kabla ya kila mruko tunaipaka kamba udongo mwekundu uliolowa. Mwenye kugusa, nguo yake itamsema. Ugomvi ukaisha. Waliobaki kulalamika ni mama zetu, kwenye beseni la kufulia.

Kisha jioni moja televisheni ikaonyesha mashindano ya dunia ya riadha, na kwa bahati umeme ulikuwepo. Tulijazana sebuleni kwetu. Wanaume warefu kama nguzo za umeme walikuwa wakikimbia kwa kupinda, wakifika chini ya ufito wanageuka na kuupa mgongo. Ilunga hakupenda.

"Mutu anaruka kitu na hakiangalie? Ile kuna namna."

Mmoja akaugusa ufito kwa kiuno. Ukatetemeka, ukatetemeka, ukabaki juu. Mwamuzi akainua bendera nyeupe, na sebule nzima ikapiga kelele.

"Aligusa!" Ilunga akamgeukia Baba. "Tata, banamuibia mwenzake!"

Baba alikuwa karani, mtu wa maneno machache. "Kwao, kama haikuanguka, inapita."

"Na kama banaibandika na gundi?"

Mi nikaamini gundi. Kabeya peke yake hakujali gundi. Alikuwa anaangalia migongo.

Kesho yake akaanza kuruka vile vile, kinyumenyume. Mwanzoni tulimcheka, alianguka kama gunia la makaa. Lakini haikuchukua muda akawa anampita Ilunga. Ndipo mwalimu akatangaza kwamba shule itapeleka mrukaji mmoja tu kwenye mashindano ya Likasi. Wao wakamwendea wote wawili. "Muende mukaachane kule kwenu," akawaambia. "Mi sitafute makelele na bazazi benu."

Siku ya kuachana, yaani kuamua nani zaidi, nilipaka kamba pamoja na Ilunga, mikono yetu yote myekundu. Ilunga aliruka kwanza. Udongo ukambakia gotini, akauona mwenyewe, akatema mate. Tukapaka tena. Kabeya akarudi nyuma mpaka ukutani, Ilunga akamfuata, akamnong'oneza kitu, akampigapiga mgongoni. Nilifikiri ni rafiki anamtia rafiki moyo. Mpaka leo sijafuta kabisa wazo hilo.

Kabeya akakimbia, akapinda, akageuka, akapita. Mkononi mwangu kamba ilitulia. Aliinuka godoroni akicheka.

"Geuka," Ilunga akasema.

Shati lilikuwa na doa jekundu katikati ya mgongo.

"Ona! Uligusa!"

"Wapi?" Kabeya alipinda shingo kama kuku anayechokora manyoya.

"Utaona wapi, mugongo iko na macho? Ngoie, sema, alitikisa kamba?"

"Mi sikusikia kitu mu mukono."

"Sasa udongo ilitoka mbinguni? Unamusaidia juu ya karanga anakupaga!"

Ni kweli, Kabeya alinipa karanga kila mara. Nikaanza kujishuku. Labda kamba ilitikisika na karanga ndizo zilizonyamaza.

Kabeya akavua shati. Akalitazama, akatazama kamba, akatazama mikono ya Ilunga. Akalikunja, doa likaenda ndani.

"Ni kamba," akasema. "Uende weye."

Asubuhi nilimkuta Mama Kabeya akifua lile shati. Akalitandaza gotini, akaweka kiganja chake juu ya doa, kidole kwa kidole, kama mtu anayepima. Akaniangalia.

"Ngoie, mama, kamba ya kwenu iko na bidole?"

"Hapana, mama," nikamjibu kwa heshima. "Ni kamba tu."

Akacheka kidogo, bila furaha, akalizamisha shati majini.

Ilunga akaenda Likasi, akashindwa mapema, akarudi na mkate. Nusu akampa Kabeya, na Kabeya akaula. Lakini kwetu hakuruka tena, na baadaye familia yao ikahama.

Nilikuwa mtu mzima nilipoambiwa kwamba Mama Kabeya, alipokuwa msichana, aliwahi kulala kituoni na wazazi wake juu ya mafurushi, wakingoja treni, kwa sababu majirani walikuwa wamewaambia watu wa Kasai kwamba hapa si kwao. Hapo nikaelewa yale macho ya Kabeya yaliyotoka kwenye shati, yakaenda kwenye kamba, yakaishia kwenye mikono. Nilidhani Kabeya alikubali kosa. Alikuwa anapima ukuta wetu ule mfupi, aone utabaki mfupi mpaka lini akishinda.

Ilunga nimemwuliza. Anasema hakumbuki kama alinawa mikono. Inawezekana. Hata yangu ilikuwa myekundu, na siwezi kuapa kwamba sikumgusa.

Juzi tulikaa naye mbele ya televisheni, wanaume wakiruka. Mmoja akaugusa ufito, ukatetemeka, ukabaki juu. Nilimtazama kaka yangu kwa pembe ya jicho. Alikuwa anafuta viganja kwenye suruali, polepole, na viganja vilikuwa safi.

"Inapita," akasema, hakuna aliyemwuliza.

Kabeya hakuwepo kusikia.